Sengi Si Panya: Asili na Maana ya Jina la Mnyama Mmoja Mdogo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, waongoza wageni, wanahabari, na nyote mnaopenda lugha na wanyama, tunawasalimu.

Tumepewa nafasi ya kuzungumzia jina moja tu, lenye silabi mbili: sengi. Waliozoea kamusi za Kiswahili watalijua kwa umbo la sange. Wengine wamekutana na mnyama huyu kwa jina la kutafsiriwa, panya-tembo. Tunachotaka kusema leo ni kwamba jina la kutafsiriwa linampa mnyama huyu ukoo usio wake, na jina la kwetu halina kosa hilo. Wataalamu walihitaji karibu miaka 200 kuligundua kosa hilo. Lugha za Kibantu zilikuwa na neno lake muda wote huo.

Kwanza mnyama mwenyewe. Sengi ni mamalia mdogo mwenye pua ndefu inayonyumbulika. Pua hiyo huizungusha huku na huku akinusa majani makavu, kisha ulimi mrefu huchomoka na kurudi na mchwa au sisimizi. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, macho ni makubwa, masikio yamesimama. Zinatambulika spishi 20, na zote ni za Afrika. Hakuna sengi mwitu mahali pengine popote duniani. Mdogo kuliko wote, aliyetangazwa mwaka 2014 kutoka kaskazini-magharibi mwa Namibia, ana uzito wa gramu 28 hivi. Mkubwa kuliko wote anaishi katika misitu ya milima ya Udzungwa, Tanzania, na hufikia gramu 700. Tofauti ni mara 25, na bado wote ni ukoo mmoja.

Sasa mweke kando yake kirukanjia, yule mdogo mwenye pua iliyochongoka na harufu kali, ambaye Waswahili walimwita hivyo kwa sababu huonekana akiruka njia. (Neno hilo hutumika pia kama tusi kwa mtu, ndiyo maana waongoza wageni wengi huliepuka. Tunawaelewa, lakini ni jina halali la mnyama halali.) Kirukanjia ana macho kama punje za ufuta na miguu mifupi, mwili uko karibu na ardhi. Sengi hukimbia kwa kuruka, miguu ya nyuma ikisukuma mwili kama wa swala mdogo. Hata uzazi unatofautiana sana. Panya wa nyumbani hubeba mimba siku 20 hivi na kuzaa watoto wengi, uchi na vipofu. Sengi mwekundu wa Kenya na Tanzania ana uzito wa gramu 50 hadi 60 tu, lakini hubeba mimba kwa takriban miezi miwili, akazaa mtoto mmoja au wawili wenye manyoya na macho yaliyofunguka, wanaoweza kukimbia muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mnyama anayezaa hivi hana mwendo wa panya katika maisha yake.

Basi jina la panya lilitoka wapi? Lilitoka puani. Mwaka 1800 mtaalamu Mwingereza George Shaw alimwandika kisayansi sengi wa kwanza, kutoka Afrika Kusini, na akamwita Sorex proboscideus. Sorex ni jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya virukanjia wa Ulaya. Proboscideus maana yake ni mwenye mkonga. Kwa hiyo jina lile lilisema: kirukanjia mwenye mkonga. Kiingereza kikalibeba kama lilivyo, kikawa elephant shrew. Wafaransa nao wakasema panya mwenye mkonga. Lakini Wajerumani walipata jina linaloeleza bila kudai undugu, Rüsselspringer, yaani mrukaji mwenye mkonga. Waliotafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili walikosea mara ya pili: kirukanjia wa Kiingereza akageuka panya, naye panya ni mgugunaji, jamii nyingine kabisa. Kirukanjia si mgugunaji, sengi si mgugunaji. Neno panya-tembo kwa hiyo ni kosa lililopanda juu ya kosa.

Mwaka 1829 Andrew Smith aliona kwamba mnyama huyu hafai kukaa kwenye Sorex, akamtungia jenasi yake, Macroscelides. Ni Kigiriki: makros, refu, skelos, mguu. Jina zuri, kwa sababu linataja alichokiona. Lakini hata baada ya hapo sengi waliendelea kufungwa kifurushi kimoja na virukanjia, fuko na kalunguyeye chini ya jina pana la wala wadudu. Kigezo kilikuwa chakula na umbo la pua. Hapa ndipo palipoharibika. Umbo la pua hufuata kazi. Wanyama wanaotafuta wadudu kwenye majani wataota pua ndefu hata kama babu zao hawakujuana, kama vile popo na ndege walivyoota mabawa kila mmoja kivyake.

Jibu lilikuja katika miaka ya 1990, vinasaba vilipoanza kulinganishwa. Mwaka 1998 kundi jipya lilipewa jina Afrotheria, yaani wanyama wa Afrika. Ndani yake wamo tembo, pimbi na perere, nguva, mhanga, tenreki wa Madagaska, fuko-dhahabu, na sengi. Kirukanjia hayumo. Yeye yuko upande wa kalunguyeye na fuko wa Ulaya, tawi lililo karibu zaidi na popo, mbwa na farasi kuliko na sengi. Kwa hiyo lile neno tembo, lililowekwa kwa sababu ya pua tu, likaangukia kwenye undugu wa kweli, na lile neno lililodai undugu ndilo likawa la uongo. Tunasema liliangukia, kwa sababu pua ya sengi na mkonga wa tembo havikurithiwa kutoka kwa babu mmoja mwenye mkonga. Ndugu ni damu, si pua.

Mwaka mmoja kabla ya Afrotheria kupewa jina, mtaalamu wa wanyama Jonathan Kingdon alikuwa amekwisha kupendekeza kwamba jina la Kiingereza elephant shrew liachwe, na mnyama aitwe sengi. Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935 na akafundisha Makerere, kwa hiyo hakulichukua neno hili kwenye orodha ya mbali. Mwaka 1997, katika kitabu chake cha mwongozo wa mamalia wa Afrika, alitumia umbo sengi kutoka lugha za Kibantu, familia ile ile inayotupa sange. Watafiti wakalipenda kwa sababu tatu: ni fupi, halibadiliki sana kutoka lugha moja hadi nyingine, na halidai undugu na mnyama yeyote. Leo linaandikwa katika makala za kisayansi za lugha mbalimbali. Ni moja ya majina machache ya Kiafrika yaliyoingia katika sayansi ya wanyama na kulisukuma pembeni jina la Ulaya lililokuwa limeshakaa.

Huenda msikilizaji akauliza: kama sayansi imejua kosa, kwa nini majina ya Kilatini nayo hayakusahihishwa? Hili linahitaji maelezo, maana ndipo watu wengi hujikwaa.

Jina la kisayansi na jina la kawaida hufuata sheria mbili tofauti. La kisayansi linaongozwa na Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, ambayo toleo lake la nne limetumika tangu tarehe 1 Januari 2000. Mwanzo wa kuhesabu ni mwaka 1758. Jina la kwanza lililochapishwa kwa utaratibu ndilo hushinda, hata likija jingine zuri zaidi baadaye. Na Kanuni inasema wazi kwamba jina halikataliwi kwa sababu halifai. Ndiyo maana tuna sengi wa vidole vinne, Petrodromus tetradactylus, aliyepewa jina na Wilhelm Peters katika miaka ya 1840 alipokuwa akikusanya wanyama Msumbiji. Petrodromus maana yake ni mkimbiaji wa miambani. Mnyama huyu huishi vichakani na misituni, Unguja pia yumo. Jina ni kosa, na litabaki hivyo hivyo. Peters huyo huyo aliwapa sengi wakubwa jenasi Rhynchocyon, mwaka 1847: rhynchos, pua, kyon, mbwa. Mbwa mwenye pua! Nalo litabaki. Ikifika jenasi ya Elephantulus, tembo mdogo, ya mwaka 1906, bahati iliwasaidia.

Jina la kawaida halina mlinzi wa namna hiyo. Liko mikononi mwa wanaolisema. Kosa likionekana, lugha ina uhuru wa kulirekebisha, na ndiyo sababu tunalizungumza mbele ya walimu na wanahabari badala ya mbele ya wataalamu wa makumbusho.

Kinachobadilika katika jina la kisayansi ni mahali spishi inapowekwa, yaani nusu ya kwanza. Sengi mwekundu alitangazwa na Peters mwaka 1878 akiwa Macroscelides rufescens, baadaye akahamishiwa Elephantulus, na mwaka 2020 akahamishwa tena, sasa ni Galegeeska rufescens. Nusu ya pili, rufescens, haikuguswa. Ukiona jina la mtaalamu na mwaka vimewekwa ndani ya mabano baada ya jina la mnyama, mabano hayo si pambo. Yanakuambia kwamba mnyama alihamishwa jenasi tangu alipotangazwa. Mabano yakikosekana, yupo pale pale alipozaliwa. Wahariri wengi huyafuta wakidhani ni kosa la uchapaji, na kwa kuyafuta wanafuta historia nzima ya mnyama.

Hiyo Galegeeska nayo inastahili maelezo, kwa kuwa ndani yake mna neno la Afrika. Geeska ni Kisomali, maana yake ni pembe, kama katika Geeska Afrika, Pembe ya Afrika. Jenasi hiyo iliundwa kwa ajili ya sengi wa Kisomali, aliyeandikwa kisayansi mwaka 1881 na kuitwa revoilii kwa heshima ya msafiri Mfaransa Georges Révoil. Kwa takriban miaka 50 hakuna mtaalamu aliyekuwa na kumbukumbu mpya ya mnyama huyo. Wakaazi wa Djibouti, hata hivyo, walimjua na wakaweza kueleza anapopatikana. Mwaka 2019 watafiti walitega mitego zaidi ya 1,000 katika maeneo 12 ya nchi hiyo, chambo kikiwa mchanganyiko wa siagi ya karanga, shayiri na hamira, nao walimpata kwenye ardhi kavu yenye mawe. Aliyesema amepotea alikuwa akisoma rekodi za makumbusho tu. Vinasaba vyake vikaonyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni yule sengi mwekundu, ndipo wote wawili wakapewa jenasi moja.

Jina jipya kabisa hupatikanaje? Mfano wa Udzungwa unafaa. Mwaka 2005 kamera za kutega, zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, zilileta picha za sengi mkubwa mwenye uso wa kijivu na sehemu ya chini ya mgongo nyeusi, asiyefanana na yeyote aliyejulikana. Picha peke yake haikutosha. Mwaka 2006 timu ilirudi msituni kupata vielelezo, kwa sababu kila jina la spishi sharti lifungwe kwenye kielelezo kimoja kinachotunzwa katika makumbusho, ambacho mtu yeyote mwenye shaka ataweza kukirudia baada ya miaka 100. Kisha vipimo: uzito, urefu wa mwili, mkia, mguu wa nyuma, sikio, fuvu, meno, rangi ya kila sehemu ya manyoya. Kisha ulinganisho na vielelezo vya spishi zote za karibu. Mwisho uchapishaji, mwaka 2008, ukiandika wazi kwamba hii ni spishi mpya na kielelezo chake ni kipi. Jina likawa Rhynchocyon udzungwensis. Mwisho -ensis hutumika kwa mahali. Kwa mwanamume aliyeheshimiwa huwekwa -i, kwa mwanamke -ae. Ndiyo maana kuna petersi, wa Peters, na stuhlmanni, wa Franz Stuhlmann.

Miongoni mwa waliotangaza sengi wa Udzungwa alikuwamo Galen Rathbun, aliyekuwa amewafuata sengi tangu miaka ya 1970 katika pwani ya Kenya na kuonyesha kwamba huishi dume mmoja na jike mmoja katika eneo lao. Tunamtaja kwa sababu yeye ndiye aliyelishikilia neno sengi katika maandishi yake bila kuchoka, mpaka wenzake wakalizoea.

Picha hudanganya namna nyingine pia. Katika misitu ya Boni na Dodori, kaskazini mwa pwani ya Kenya, kamera zilinasa sengi mkubwa aliyefanana na yule wa Udzungwa kwa rangi. Vinasaba vilisema kingine: ni ndugu wa karibu wa sengi mwenye matako ya dhahabu wa Arabuko-Sokoke, Rhynchocyon chrysopygus. Mwaka 2018 akatangazwa kuwa nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi, ya huyo, akaitwa mandelai, kwa heshima ya Nelson Mandela. Ukitaja chrysopygus usione haya: chrysos ni dhahabu, pyge ni matako, na dhahabu hiyo ina kazi. Chini ya manyoya yale ya manjano ngozi ni nene kuliko sehemu nyingine za mgongo, na sengi hao hufukuzana na kung'atana mipakani mwa maeneo yao.

Tugeukie Kiswahili chenyewe. Kiswahili kina mazoea ya kuita mnyama mgeni kwa jina la jirani na kuongeza kivumishi, na mara nyingi hakina madhara. Bata mzinga si bata. Fisi maji si fisi. Paka wa zabadi si paka. Msemaji anajua, na msikilizaji hadanganyiki kwa sababu wanyama hao wanaonekana na wanafahamika. Panya-tembo ni tofauti kwa jambo moja la hatari: panya ni jina la adui wa ghala. Anayeambiwa kuna panya msituni hawezi kushtuka panya huyo akitegewa tanzi au akipoteza makazi yake. Sengi wa matako ya dhahabu yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani, na ngome yake kubwa, Arabuko-Sokoke, haizidi sana kilomita za mraba 420.

Kuna hasara ya pili, ya watafiti. Ukiuliza kijijini, "Je, kuna panya mwenye pua ndefu?", utajibiwa ndiyo karibu kila mahali, na ndiyo hiyo haina thamani. Mmoja amekusudia kirukanjia, mwingine panya buku, wa tatu sengi. Usianze na jina. Uliza kwanza anaonekana mchana au usiku: sengi wakubwa hutembea mchana, panya buku hutoka usiku. Uliza anavyokimbia: kwa kuruka au kwa kutambaa. Uliza anapolala, kwa sababu sengi wakubwa hujenga kiota cha majani makavu chini ya miti, kama kifusi kidogo, na mwanakijiji anayejua msitu atakuonyesha. Uliza kama hupiga mkia kwenye majani anaposhtuka. Baada ya hayo ndipo uulize, "Mnamwitaje?", uandike jina kama lilivyotamkwa, pamoja na kijiji na lugha. Picha zitoke mwisho, zote kwa pamoja, zikiwemo za wanyama wasiokuwepo eneo hilo, ili uone kama mtu anachagua kwa kujua au kwa adabu ya kumridhisha mgeni.

Kuhusu maandishi, sengi ni wa ngeli ya A-WA, haongezewi ma-: sengi huyu amekimbia, sengi hawa wamekimbia. Usiandike masengi. Sange si kosa. Ni umbo la kamusi, na mahali linapotumika lisifutwe. Tunapendekeza sengi kwa jina la ukoo mzima, hasa kwenye vibao vya hifadhi na vitabu vya shule, kwa sababu mwanafunzi atakayetafuta zaidi atalikuta lilivyo katika maandishi ya dunia nzima. Jina la kisayansi liandikwe kamili mara ya kwanza, jenasi kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo, yote kwa mlazo. Usianze na R. chrysopygus, kwani R. hiyo ni ya Rhynchocyon lakini ni ya Rattus vilevile, na Rattus ni panya mwenyewe, tuliyehangaika saa nzima kumtoa hapa.

Mezani pale mbele kuna picha sita zisizo na majina: sengi watatu, kirukanjia mmoja, panya buku mmoja, na mmoja ambaye hatutamtaja kwa sasa. Tunawaomba kila mmoja aandike jina analotumia kwao kabla hajamuuliza jirani yake, na lugha aliyolitoa. Karatasi tutazikusanya kabla ya maswali.